Kabla hujanunua maiki ya nusu milioni, sikiliza mabati yako

Wewe ambaye usiku wa leo umefungua kurasa tatu za maduka ya mtandaoni ukilinganisha bei za maiki, hebu weka simu chini kidogo tuongee. Nakujua. Umeshatazama video kumi na tano za Wazungu wenye ndevu wakiimba mstari mmoja mbele ya maiki sita. Namba za modeli umezishika kichwani kuliko namba ya kitambulisho chako. Na sasa umefika ile hatua ya hatari: unapiga hesabu ya mkopo. Nimekuwa hapo. Nilitoka hapo na deni, na si deni langu peke yangu.

Mimi ni wa Sagana. Kama hujawahi kushuka kwetu basi umetupita ukielekea Karatina, Nyeri ama Nanyuki, na labda ulisimama ukala samaki ukaendelea na safari yako. Ni mji mdogo wenye sauti kubwa. Barabara kuu inatupitia, na tangu waanze kuipanua ile ya Kenol-Sagana-Marua, malori na trekta zimekuwa majirani. Kuna reli. Kuna bodaboda ambao wanaamini ekzosi ikitobolewa pikipiki huenda kasi. Kuna mhubiri wa sokoni mwenye spika mbili. Haya yote sikuwahi kuyasikia mpaka siku niliyonunua maiki nzuri.

Mwaka juzi mimi na wenzangu wawili tulikodisha chumba kimoja nyuma ya maduka. Kuta za mawe, sakafu ya simiti, juu mabati bila dari. Tulikuwa na laptopu, intafesi ndogo ya njia mbili, hedifoni moja ambayo sikio la kushoto lilikuwa likizimika, na imani. Kilichokosekana, tulivyoamini, ni maiki ya ukweli. Tulikuwa tukirekodi kwa maiki ya bei nafuu, na kila wimbo ulipotoka vibaya tulijua wa kulaumu.

Mamangu analima kahawa, mashina yasiyofika mia tatu. Ukiwa mtoto wa kahawa unajua pesa zake haziji kila mwezi. Zinakuja mara moja kwa mwaka, na kabla zije zimeshagawanywa kichwani mara kumi. Nilimwendea na karatasi niliyoichapisha cyber, picha ya maiki ikiwa katikati kama ya mgombea wa kiti. Akaitazama sana. Akaniuliza, "Baba, sasa hii kitu itakuwa ikiimba yenyewe?" Nikacheka, nikamweleza habari za ubora wa kimataifa. Akaongeza mkopo wa sacco juu ya pesa za kahawa, kwa jina lake, wadhamini wakiwa rafiki zake wawili wa kanisani. Nikapanda matatu hadi Nairobi, nikarudi na maiki ya shilingi 165,000 nimeipakata kama mtoto mchanga.

Wateja wa kwanza walikuwa kwaya. Watu kumi na wawili, wimbo mmoja, shilingi 5,000. Tuliwapanga vizuri, tukarekodi, tukacheza tukiwa tumevaa hedifoni, na nikakwambia maneno haya kwa uaminifu: ile maiki ilifanya kazi yake yote. Ilinasa soprano. Ilinasa pia lori likibadilisha gia, mbwa wa kinyozi, kijana akiita abiria wa Kagio, na juu ya yote ilinasa chumba chenyewe, ule mwangwi wa mawe unaofanya kila mtu asikike kama anaimba ndani ya tangi la maji. Kwenye ubeti wa pili mvua ikaanza. Si mvua kubwa. Matone tu juu ya mabati, yakisikika safi kabisa, kila moja lake, katika ubora wa kimataifa.

Walirudi wakaomba pesa zao. Tukawarudishia.

Sasa nikueleze kilichokuwa kikitendeka, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi. Maiki ya kondensa, aina ambayo karibu maiki zote za bei ya juu za kuimbia ni zake, ina utando mwembamba sana unaotikiswa na hewa kidogo tu. Inahitaji pia umeme wake, zile volti 48 zinazotoka kwenye intafesi. Ni nyepesi kusikia. Ukiipeleka kwenye studio iliyotulia unasifu wepesi huo. Ukiileta kwenye chumba cha mabati, wepesi ule ule ndio unaokuumbua. Maiki haijui kwamba wewe unataka sauti ya mwimbaji tu. Inasikia kila kitu halafu inakuachia wewe uchague, na ukishachelewa kuchagua huwezi tena.

Angalia namba, maana namba ndizo zilizonidanganya. Kila maiki ina kelele yake ya ndani, na watengenezaji huiandika kwa fahari. Rode NT1 ya toleo la tano wanaandika desibeli 4. Neumann TLM 103 ni 7. Neumann U87 Ai, ile kubwa yenyewe, ni 12 ikiwa imewekwa upande mmoja. Umeona hapo? Ya bei ndogo kuliko zote ndiyo tulivu kuliko zote. Nilibishana na watu wiki nzima kuhusu 4 na 7. Halafu siku moja nikaweka programu ya bure ya kupima kelele kwenye simu, si kipimo cha maabara lakini inatosha, nikaiacha katikati ya chumba chetu saa sita mchana bila mtu kuongea. Ilikuwa ikicheza kati ya 48 na 55. Saa nne usiku ilishuka hadi 34. Mvua ilipokuja ilipita 75. Ndiyo kusema nilikopesha mama yangu pesa ili nipate tofauti ya desibeli tatu ndani ya chumba chenye hamsini.

Wacha nikuambie kuhusu trei za mayai pia, kwa sababu najua zimeshabandikwa ukutani kwako. Sisi tulibandika mia na arobaini. Trei ya mayai haizuii sauti kutoka nje hata kidogo, na ndani inatawanya kidogo tu zile sauti nyembamba za juu. Kinachofyonza sauti ni kitu kinene, chenye nyuzi, chenye uzito: godoro, blanketi nzito zile za kijivu, kochi, kabati lililojaa makoti. Dawa iliyotufaa sisi ilikuwa mitumba. Tulinunua nguo zile za mwisho wa beli, ambazo hata sokoni hazina mnunuzi, tukazijaza kwenye magunia, tukasimamisha magunia kwenye pembe za chumba kutoka chini hadi juu. Sura yake ni kama ghala la mahindi. Lakini piga makofi katikati: ile kengele ya mawe imekufa.

Na blanketi usiitundike nyuma ya maiki jinsi kila mtu anavyofanya. Itundike nyuma ya mwimbaji. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia kwa umbo la moyo, yaani mbele zinasikia sana, nyuma kidogo mno. Maiki inakutazama wewe, na inatazama pia ukuta ulio nyuma ya kisogo chako. Sauti yako inagonga kule inarudi moja kwa moja mdomoni mwa maiki. Upande wa nyuma wa maiki ndio uelekeze dirishani ama barabarani. Ubavuni umbo hilo halisaidii sana, linapunguza kama desibeli 6 tu, kwa hivyo mabati ya juu bado yanasikika. Mabati dawa yake ni dari, ama kalenda. Kwetu mvua ndefu ni Machi hadi Mei na fupi ni Oktoba hadi Disemba, na mtu wa studio ya mabati anapaswa kuijua ratiba hiyo kama mkulima.

Kuna jambo lingine la bure kabisa. Sogea. Ukitoka sentimita 30 ukaja 15, sauti yako inapanda kama desibeli 6 dhidi ya kelele za chumba, bila shilingi kutoka. Ukisogea zaidi sauti inaanza kuwa nzito chini, kama ya mtangazaji wa usiku, na herufi za "p" na "b" zinaanza kupiga kama teke; hapo unahitaji kizuizi cha upepo, na soksi ya kike iliyovutwa juu ya waya wa hanga inafanya kazi. Mimi bado ninayo ya hanga.

Najua utaniambia: wewe umechomeka, sasa unataka sisi wote wa mashambani tuimbe kwenye soksi. Vijana wa Nairobi wanunue vitu vya maana, sisi tubaki na mitumba hadi kwenye sauti. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ina historia ndefu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, ili sauti yake iingie kwenye sahani ya santuri. Hakukuwa na mahali karibu. Mwimbaji alivuka bahari kuifuata maiki. Baadaye mashine zilifika Nairobi, na waimbaji wa huku mlimani wakawa wanashuka na gitaa zao hadi River Road na mitaa ya karibu kurekodi. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, alijenga jina lake huko, na alipofariki mwaka 2018 taifa zima lilimwomboleza. Kwa hivyo kijana wa Sagana anaposema, nataka maiki ije kwangu safari hii, sioni tamaa hapo. Naona haki.

Ila ona hili pia. Mjukuu wa Kamaru, mwenye jina lile lile na anayejulikana kama KMRU, amepata sifa duniani kwa kurekodi mazingira yenyewe, sauti za mji na za kawaida, akazifanya muziki. Albamu yake Peel ilitoka 2020. Yeye anaitafuta ile kelele, wewe unaikimbia. Lakini yeye alianza kwa kusikiliza mahali alipo. Sisi tulianza kwa kusikiliza YouTube.

Halafu kuna ile hadithi ya Billie Eilish, ambayo kila mwenye studio ya chumbani huitaja kama aya ya Biblia: albamu yake ya 2019 ilitengenezwa na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala cha nyumba ya wazazi wao, na mwaka 2020 ikashinda Grammy ya albamu bora. Ni kweli. Lakini watu husikia "chumba cha kulala" wakadhani maana yake ni chumba chochote. Chumba cha kulala kina kitanda, bana. Kina godoro, nguo, pazia, na dari. Chumba cha kulala ni studio nzuri kuliko duka la mawe lisilo na kitu, na sisi tulikuwa nacho nyumbani bure tukakiacha tukaenda kulipa kodi ya mwangwi.

Haya, tuseme chumba umekirekebisha. Pesa ipo, na si ya mama. Unachagua nini?

Kwanza jisikilize wewe mwenyewe, si orodha za "maiki kumi bora". Unaimba lugha gani? Hili halizungumzwi kwenye video za Wazungu, na kwetu ni kubwa. Gikuyu kina "c" inayotamkwa karibu na "sh". Msichana anayeandikwa Ciku anaitwa Shiku. Kina "th" kila kona. Maiki nyingi za kondensa, hasa za bei nafuu na baadhi ya ghali, zimeinuliwa kule juu ili sauti ing'ae. TLM 103 kwa mfano imeinuliwa kama desibeli 4 kuanzia pale kilohezi 5 na kuendelea. Kwa sauti nzito, nyeusi, ya mzee wa mugithi aliyevuta sigara miaka thelathini, mng'ao huo ni baraka. Kwa msichana mwenye sauti nyembamba anayeimba Gikuyu, kila "c" inakuwa kama sufuria ya mafuta iliyomwagiwa maji. Maiki ile ile, wimbo ule ule, mtu tofauti. Nani atakwambia ni ipi bora? Hakuna. Lazima koo lako liwe mbele yake.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: kabla ya kutoa laki moja, toa elfu tano ama kumi. Nenda Nairobi, tafuta studio yenye maiki tatu nne, lipia saa mbili, na uwaambie ukweli kwamba umekuja kujaribu. Beba wimbo wako. Imba ubeti ule ule kwenye kila moja, umbali ule ule. Mwambie mhandisi azipe namba, asikutajie majina, na asawazishe sauti zote ziwe na kiwango kimoja, kwa sababu sikio hupenda kilicho juu kidogo na kukiita bora. Rudi nazo nyumbani, sikiliza kwenye simu, kwenye redio ya mama, omba dereva wa matatu akuchezee kwenye spika zake. Ukija kuuliza majina baada ya siku tatu unaweza kushangaa. Rafiki yangu mmoja alichagua namba mbili kila mara. Namba mbili ilikuwa Shure SM58.

Unaijua SM58, ni ile ya mchungaji, yenye kichwa cha mpira wa waya. Ilianza kuuzwa 1966 na ng'ambo bei yake ni kama dola mia moja. Haina wepesi wa kondensa, na kwa chumba cha mabati huo ni uzuri wake. Ndugu yake mkubwa ni SM7, ya mwaka 1973, ambayo sasa inauzwa kama SM7B kwa dola 400 hivi kule nje. Ndiyo iliyotumika kwenye sauti za Michael Jackson katika Thriller, albamu iliyouza kuliko zote. Kama ungeniuliza maiki ya "bei ya juu" inayofaa nyumba ya Sagana, ningekutajia hiyo kabla ya kondensa yoyote. Lakini usiinunue bila kujua siri yake: inatoa sauti ndogo sana. Inataka kuongezwa nguvu kama desibeli 60, na intafesi nyingi za bei nafuu hufika hapo zikiwa zimechoka, zinapiga "shhh". Utahitaji intafesi bora zaidi ama kifaa kidogo cha kuongeza nguvu katikati. Piga hesabu ya vyote, si ya maiki peke yake.

Na ile kubwa, U87? Sitakudanganya kwamba ni jina tu. Ilizinduliwa 1967, toleo la sasa la Ai likaja 1986, na bado inatengenezwa. Ni kweli inapendeza. Bei yake inapita dola 3,000, na ukishaongeza usafiri, VAT ya asilimia 16, ada ya uagizaji na ushuru wa reli, unazungumzia nusu milioni na zaidi. Hiyo ni bodaboda tatu, na bodaboda zinarudi jioni na kitu mkononi. Sisi tulitoza 5,000 kwa wimbo, na mwezi mzuri ulikuwa nyimbo nne. Nusu milioni ni nyimbo mia moja. Miezi 25, kabla ya kodi, stima, riba, na kabla hujala. Hata ile yangu ya 165,000 ilikuwa nyimbo 33, zaidi ya miezi minane ya kumfanyia kazi maiki.

Jambo moja linaitetea maiki ghali na nalisema ili niwe mwaminifu: haizeeki kama simu. Simu ya laki moja baada ya miaka minne ni ya kumpa mtoto achezee. Maiki nzuri ikitunzwa inauzika baada ya miaka kumi kwa bei ya heshima. Itunze basi. Kondensa haipendi vumbi wala unyevu. Irudishe kwenye boksi kila usiku, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unavyovipata kwenye viatu vipya usivitupe, viweke humo. Chai ikae chumba kingine.

Na jihadhari na feki. SM58 ni miongoni mwa maiki zinazoigwa sana, na hata U87 ziko za kuigwa, nembo na boksi na cheti. Ukiambiwa U87 ya elfu themanini na mtu anayetaka mkutane kwenye steji, huyo ni mwizi wa upole. SM58 halisi ina gramu 298 hivi. Ipeleke kwa mama wa duka uiweke kwenye mizani ya sukari. Hiyo haitoshi kuthibitisha, lakini ikija gramu 220 umeshapata jibu. La sivyo nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na udai risiti yenye namba ya kifaa.

Kuna kitu nilikuwa nakichelewesha. Nyanya wa mwenzangu mmoja, kule upande wa Baricho, alikuwa anajua nyimbo za harusi za zamani, zile za wanawake za kupokezana, ambazo mama zetu wanajua nusu na sisi hatujui kabisa. Tulipopata maiki mpya tulisema tumrekodi vizuri, kwa heshima. Tukamleta chumbani kwetu kwa teksi. Akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya trei za mayai, akaiogopa ile maiki, akaimba nyimbo tano kwa sauti ndogo, malori yakipita. Tukasema ni mazoezi, tutamrudia kiangazi. Tuliahirisha mara mbili kwa sababu ya wateja.

Alizikwa Februari.

Tulipotafuta tukapata rekodi nyingine. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa amemrekodi kwa simu, usiku, nyanya akiwa kitandani chini ya neti, blanketi mbili, pazia nzito, simu ikiwa karibu na mto. Wimbo mmoja na nusu, halafu anacheka na kumwambia mtoto alale. Nimevaa hedifoni nikazilinganisha, simu ile na maiki ya 165,000. Nimesomea mambo haya sasa, ningependa kukuambia kwamba maiki ilikuwa na kina zaidi, na kwa vipimo inacho. Lakini kwenye ile ya simu unamsikia mtu. Kwenye ile yetu unasikia chumba, na ndani yake kwa mbali kuna bibi mwenye wasiwasi. Nimejaribu kila programu ya kuondoa kelele. Ukiondoa lori unaondoa na pumzi yake.

Kwa hivyo nikikwambia anza na blanketi, sisemi kwa sababu ya ubahili. Kama una mtu wa aina hiyo nyumbani kwenu, usimsubirishe maiki. Mrekodi wikendi hii, kitandani kwake, kwa simu uliyonayo, madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa.

Sisi tulihama. Kile chumba cha mawe sasa ni cha kuuza spea za pikipiki, na nimeambiwa mwangwi wake unamsaidia mwenyewe kuita wateja. Studio iko nyumbani, chumba cha kulala cha kakangu aliyeenda Qatar, chenye dari ya mbao na magunia ya mitumba pembeni. Maiki ya ghali ipo, siku hizi inasikia vitu vya maana, ingawa nusu ya kazi naifanya kwa SM58. Deni la sacco limebaki miezi saba. Mama huja mlangoni wakati mwingine tukirekodi, anasimama bila viatu ili asipige kelele, kisha anaondoka bila kusema neno.

Ile kwaya ya kwanza imekubali kurudi, kwa bei ya zamani. Tumepanga Jumamosi, saa nne usiku, malori yakipungua. Mvua isiponyesha.